Wiki Moja na Wakemia wa Mlimani

 

Tunapotembelea shule kuzungumza habari za afya, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kemia. "Kemia ni ngumu." "Kemia ni ya kukariri tu." "Mimi nikifika kidato cha tatu naachana nayo." Halafu anasimama mmoja na kuuliza: "Hivi mtu akisoma kemia mpaka chuo kikuu, kutwa nzima anafanya nini huko?"

Swali hilo ni zuri, na ndilo tutakalolijibu leo. Pengine unajiuliza linahusu nini afya. Linahusu sana. Kwetu Simiyu tunalima pamba, na pamba hupuliziwa dawa. Chupa za dawa tunarudi nazo nyumbani. Mvua ikinyesha, maji yanayotoka mashambani huingia Mto Simiyu, na mto huo humwaga maji yake Ziwa Victoria, ambako samaki wetu huvuliwa. Je, ndani ya maji hayo kuna nini? Na kiasi gani? Maswali hayo mawili, "kuna nini?" na "kiasi gani?", ndiyo kazi ya mkemia.

Basi twende wote Dar es Salaam, kwenye kilima ambacho wanafunzi wanakiita Mlimani tu. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sayansi ilianza kufundishwa hapo mwaka 1965, na mwaka 1970 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Tuchukue wiki moja ya mfano katika Idara ya Kemia. Siku na saa hubadilika kila muhula, lakini mambo yenyewe ndiyo haya.

JUMATATU: Mhadhara na ubao wa matangazo

Asubuhi kuna mhadhara. Ukumbi umejaa, mwalimu yuko mbele, na hakuna anayekuandikia noti ubaoni neno kwa neno kama ulivyozoea shuleni. Unasikiliza, unaandika yaliyo muhimu, ukitoka unakwenda maktaba kujazia mwenyewe.

Ukitoka ukumbini, usipite ubao wa matangazo bila kusoma. Hapo ndipo utakapojua mtihani mdogo ni lini, nani anatoa semina wiki hii, na nafasi za mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita "field". Wengi wamekosa nafasi nzuri kwa kuwa hawakusoma tangazo. Hata shuleni kwako ubao wa matangazo upo. Je, unausoma?

JUMANNE: Praktiko

Praktiko huchukua saa kadhaa, na mwenye haraka hana lake. Unavaa koti jeupe, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole. Huruhusiwi kula wala kunywa maabara. Huruhusiwi kunusa chupa kwa kuisogeza puani, wala kuvuta kimiminika kwenye pipeti kwa mdomo.

Kazi ya siku inaweza kuwa ile ile unayoifanya shuleni: asidi kwenye bureti, besi kwenye chupa, unadondosha tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa chuo hurudia mara tatu au zaidi, na majibu yasipokaribiana hutafuta sababu. Hapangi majibu ili yapendeze. Jibu la kupanga ni uongo, na uongo kwenye maji ya kunywa au dawa unaweza kumuua mtu.

JUMATANO: Vikundi

Hii ni siku ya kukaa katika vikundi vidogo pamoja na mwalimu. Mnaletewa maswali, kila mmoja anajaribu, na mwenye kukwama anasema amekwama. Hakuna anayechekwa. Na akichekwa, mcheshi huyo anaitwa yeye ubaoni!

Ukiona mtu hana kikundi, hataki kuuliza, na anasubiri kukesha wiki ya mwisho, ujue safari yake ina mashaka. Matokeo yakitoka ataambiwa ana "sapu", yaani arudie mtihani, au "amedisco", yaani afunge mizigo arudi nyumbani.

ALHAMISI: Maabara ya utafiti

Leo tunaingia mahali ambapo majibu hayako nyuma ya kitabu. Tuchukue utafiti mmoja unaotuhusu sisi wa kanda ya ziwa. Watafiti wa idara hii, L. Henry na M. A. Kishimba, walichukua sato na sangara kutoka sehemu ya kusini ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Waliwapima kutafuta masalia ya aina 64 za dawa za kuulia wadudu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006.

Unampimaje samaki kama ana sumu ya wadudu? Kwa kawaida minofu husagwa, maji huondolewa, kisha mafuta na kemikali zilizomo huvutwa kwa kimiminika maalumu. Mchanganyiko huo husafishwa na kuingizwa kwenye mashine ya kromatografia. Kazi ya mashine ni kuzitenganisha kemikali, moja itoke mbele, nyingine nyuma, ili kila moja itambuliwe na kupimwa kiasi chake.

Walipata nini? Walipata DDT, endosulfani na fenitrothioni. Kiasi cha juu cha DDT kilikuwa miligramu 0.03 katika kilo 1 ya minofu. Ili uelewe udogo wake, fikiria malori 100 yenye tani 10 kila moja, halafu humo ndani yote utafute gramu 30, kama vijiko viwili vya chumvi. Mkemia anaweza kuzipata!

Je, samaki hao walikuwa hatari kuliwa? Watafiti walipiga hesabu ya kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku bila kudhurika, wakaona viwango viko ndani ya mpaka huo. Kwa hiyo samaki hawakuwa wa kukimbiwa. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hapa ndipo kemia inapokuwa kama kazi ya mpelelezi.

DDT ikikaa muda mrefu katika mazingira hubadilika polepole. Moja ya kemikali zinazotokana nayo huitwa DDE. Tazama:

C14H9Cl5 → C14H8Cl4 + HCl

Umeona? DDT imepoteza hidrojeni moja na klorini moja, imekuwa DDE. Sasa fikiri mwenyewe. Ukikuta DDE nyingi na DDT kidogo, utasema dawa hiyo ni ya zamani. Ukikuta DDT ndiyo nyingi, je? Maana yake haijapata muda wa kubadilika, yaani imeingia karibuni. Kwenye samaki wale, DDT ilikuwa nyingi kuliko mabaki yake. Endosulfani nayo ilionyesha dalili hiyo hiyo. Yaani samaki, bila kusema neno, alitoa ushahidi kwamba dawa hizo zilikuwa zimefika ziwani si zamani sana.

DDT imewekewa masharti makali na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mwaka 2011 endosulfani nayo iliingizwa katika orodha ya kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani. Maamuzi kama hayo hayatoki hewani. Yanahitaji watu waliokaa maabara na kupima.

IJUMAA: Semina

Mwanafunzi wa shahada ya juu anasimama mbele ya walimu na wenzake kueleza utafiti wake. Mmoja amechunguza mmea wa dawa za asili, mwingine majimaji ya ganda la korosho, mwingine maji ya kisima. Akimaliza huulizwa maswali, mengine makali kweli kweli: "Umejuaje?" "Ulipima mara ngapi?" "Kifaa chako ulikihakiki?" Hakuna ugomvi hapo. Ndivyo wanasayansi wanavyosaidiana kuondoa makosa.

Na wikiendi? Kufua, ibada, mpira, kikundi cha kujisomea, na kuhesabu "bumu", yaani fedha za mkopo za kujikimu, kama zitafika mwisho wa mwezi.

JARIBU MWENYEWE

Unaweza kufanya kromatografia hapo hapo Binza bila mashine. Tafuta chaki nyeupe, maji kidogo kwenye kifuniko, na maka pen nyeusi ya aina inayofutika kwa maji.

1. Chora mstari kuizunguka chaki, kama sentimita 2 kutoka chini.
2. Isimamishe ndani ya maji. Maji yasifikie mstari.
3. Subiri dakika 10.

Maji yatapanda na kubeba wino. Rangi inayong'ang'ania chaki itabaki nyuma, inayopenda maji itapanda mbio. Mara nyingi utagundua kuwa "nyeusi" ilikuwa rangi kadhaa zilizochanganywa.

MASWALI YENU KUHUSU NJIA

Nisome nini ili nifike huko?
Usiiache kemia kidato cha tatu. Kidato cha tano chagua mchepuo wenye kemia, kama PCB, PCM au CBG. Hesabu nayo uishike, maana mkemia asiye na hesabu ni kama mkulima asiye na jembe.

Nyumbani hatuna uwezo. Itakuwaje?
Ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia ufadhili uitwao Samia Scholarship, kwa wanaofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita. Tunza cheti chako cha kuzaliwa mapema. Wengi hukimbizana na cheti hicho siku za mwisho.

Nikiishia kidato cha nne?
Bado kuna njia. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kwa mfano, hufundisha stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara.

Kazi ziko wapi?
Shuleni, ambako walimu wa sayansi wanahitajika. Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwenye Shirika la Viwango, maabara za maji, viwanda, migodi, na vituo vya utafiti wa kilimo kama Ukiriguru kule Mwanza. Kazi haigawiwi mlangoni mwa chuo, lakini mwenye mikono iliyozoea maabara hana mlango mmoja tu wa kubisha.

Wasichana je?
Mizani haimuulizi anayepima ni mvulana au msichana. Dada, chukua nafasi yako mbele kwenye praktiko. Usikubali kuwa wa kuandika matokeo tu wakati wenzako wanashika vifaa.

Kuna la kufanya sasa hivi?
Ndiyo. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, huwakutanisha wanafunzi wa sekondari wanaoonyesha utafiti wao. Mwombe mwalimu wako wa sayansi mfuatilie pamoja. Swali la utafiti usilitafute mbali. Katika nyumba 20 za kijiji chako, ni ngapi zinatumia chupa za dawa ya pamba kuwekea kitu kingine?

CHUPA ILE ILE

Tusiagane kabla ya kuzungumza juu ya chupa hiyo. Chupa au dumu la dawa ya wadudu halisafishiki likafaa kwa maji ya kunywa, maziwa, mafuta ya kula wala chumvi. Macho yanaona safi, lakini umeshasoma juu ya zile gramu 30 kwenye malori 100. Jicho halipimi kemikali.

Dawa ikiisha, suuza chupa mara tatu, na maji ya kusuuzia yamwage ndani ya bomba la kupulizia ili yatumike shambani. Kisha itoboe ili asiitumie mtu. Usiichome moto, usiitupe mtoni. Muulize afisa ugani mahali pa kuipeleka.

Mtu akipata sumu anaweza kutokwa mate na jasho jingi, kutapika, kuona ukungu, kutetemeka misuli, au kupumua kwa shida. Mtoe eneo hilo, mvue nguo zenye dawa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku ukijikinga mwenyewe, mkimbize zahanati au kituo cha afya. Usimlazimishe kutapika, wala usipoteze muda kumnywesha maziwa. Beba chupa yenye lebo, kwa sababu mganga atauliza swali la mkemia: ndani yake kulikuwa na nini?

JADILINI NA WENZENU

1. Kwa nini kusema "kuna sumu" hakutoshi bila kusema "kiasi gani"?
2. Ukikuta DDE nyingi na DDT kidogo kwenye udongo wa shamba, utasema nini kuhusu historia ya shamba hilo?
3. Mzazi wako anahifadhi mafuta ya kula kwenye chupa ya dawa ya pamba. Utamwambiaje kwa heshima, na akakuelewa?