Damu Isiyoganda Baada ya Kuumwa na Nyoka

Sumu ya baadhi ya nyoka huondoa uwezo wa damu kuganda, hata pale jeraha linapoonekana dogo. Dalili zake ni fizi kutoka damu, mkojo mwekundu na jeraha lisiloacha kuvuja. Kituoni, mhudumu huweka damu kidogo katika chupa ya kioo iliyo safi na kavu, huiacha itulie kwa dakika 20, kisha huiinamisha. Ikiwa bado ni majimaji, mgonjwa huhitaji dawa ya kupambana na sumu ya nyoka wa aina hiyo. Kipimo hurudiwa, kwani hali yaweza kubadilika baada ya saa kadhaa. Wananchi wanakumbushwa: mgonjwa asichanjwe chale, asifungwe kamba wala asipewe aspirini, atulizwe na awahishwe kituoni.