SOMO LA KUSOMA: Paa Aliyekwenda Kumposea Maskini Mke

Haya, ndugu wasomaji, leo tunaweka jembe chini kidogo. Tumezoea kusoma habari za mahindi, tumbaku na kuchemsha maji ya kunywa. Leo tutasoma hadithi. Wako watakaosema, "Aa, hadithi ni mambo ya watoto!" Sawa. Lakini mtoto wako akija na kitabu cha hadithi kutoka shuleni, akakwambia, "Baba, tusome," utamjibu asubiri mpaka msimu wa mbolea?

Hadithi yetu inatoka Unguja. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza, Edward Steere, alitoa kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa huko. Ukurasa mmoja ulikuwa wa Kiswahili, na wa pili wa Kiingereza. Moja ya hadithi hizo ni ya Sultani Darai. Sisi tutaisimulia kwa maneno yetu, tena kwa ufupi.

Paliondokea mtu mmoja maskini sana. Wengine wanaosimulia humwita Hamdani. Alikuwa na mali, akaitapanya yote. Sasa kazi yake ni kuchakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Jaa ni mahali pa kutupa takataka. Siku moja, bahati yake, akaokota thumni.

Tusimame kidogo hapo. Thumni maana yake ni sehemu moja ya nane. Kata mkate vipande vinane vilivyo sawa, chukua kimoja: hiyo ndiyo thumni. Wazee wetu wanakumbuka kwamba hata senti hamsini waliiita sumni.

Basi, akapita mtu amebeba tundu, ndani mna paa. Paa ni mnyama wa jamii ya swala, mdogo, miguu yake kama vijiti. Maskini akataka kumnunua. Watu wakacheka: mtu mwenyewe anakula jaani, huyo paa atamlisha nini? Lakini akatoa thumni yake, akamchukua paa. Wakawa wanalala pamoja. Chakula wanagawana, yaani wanagawana njaa.

Kumbe paa anasema! Usiku mmoja akamwambia bwana wake: Niache mchana niende nikale mwenyewe, jioni nitarudi. Maskini akakubali kwa shingo upande. Jioni paa akarudi kweli.

Siku moja huko malishoni paa akaona almasi kubwa chini ya mti. Hapa ndipo tunapoona akili yake. Hakuipeleka kwa bwana wake. Alijua kwamba maskini akikutwa na almasi, hakuna atakayeamini kuwa ameiokota. Watasema ameiba. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa huku kwetu Mpanda wanalielewa jambo hili kuliko sisi waalimu.

Paa akaifunga almasi kwa majani, akaishika kwa mdomo, akakimbia mpaka mji wa mbali kwa sultani mwenye binti. Akasema ametumwa na bwana wake, mtu mkubwa sana, na hii ni zawadi ndogo tu ya kuanzia maneno ya posa. Zawadi ndogo! Sultani akaitazama ile almasi, akakubali palepale. Sisi tumeona washenga wengi, lakini mshenga mwenye kwato bado.

Taabu ikabaki moja: bwana harusi hana nguo. Paa akamchukua, akamwacha njiani karibu na mji, akaenda mbio kwa sultani akisema wamevamiwa na wanyang'anyi, bwana wake amevuliwa hata shati. Sultani akatoa farasi na mavazi mazuri. Ndoa ikafungwa.

Haya, na nyumba je? Paa akatangulia kuitafuta. Akaikuta nyumba kubwa ya fahari, mwenyewe ni nyoka wa vichwa saba. Paa akamkata vichwa vyote kwa upanga. Msituulize alishikaje upanga kwa kwato. Bibi yako angekujibu, "Nyamaza, au kalale."

Sasa maskini ana mke, ana nyumba, ana watumishi. Ndipo paa akaugua. Mama mzee wa nyumba ile akaenda kumwuliza bwana: tumpe nini mgonjwa? Akajibu: mpe uji wa mtama. Tafadhali, uji wa mtama ni chakula kizuri na hatuutukani. Lakini nyumba ile ilikuwa na mchele na maziwa, naye paa aliyeileta nyumba yenyewe alipewa chakula ambacho bwana hakitaki tena. Mke wa yule bwana akamhurumia paa, akamletea wali na maziwa kwa siri. Paa akafa. Bwana akasema: mtupeni kisimani, kwani ni nini, si paa tu?

Mke akapeleka habari kwa baba yake. Sultani akaja na watu wake, paa akatolewa, akazikwa kwa heshima, mji ukalia. Usiku ule mke akaota yuko kwao. Akaamka, kweli yuko kwao. Mume naye akaota yuko jaani. Akaamka, mikono inachakura.

Hebu tujiulize. Shujaa wa hadithi hii ni nani? Wanafunzi wengi hujibu "Hamdani", kwa sababu anatajwa kwanza. Mtajwa wa kwanza si lazima awe shujaa. Tazama matendo: nani anafikiri, nani anakwenda, nani anapigana? Bwana huyu tangu atoe thumni yake hakufanya kazi nyingine.

Nchi ya Ufaransa wana hadithi inayofanana sana na hii. Charles Perrault aliichapisha mwaka 1697. Kijana wa msaga unga anarithi paka tu. Paka anavaa mabuti, anadanganya kwamba bwana wake ameibiwa nguo, anamshinda jitu kwa werevu, anampatia kijana binti wa mfalme. Hadithi yao inakwisha kwa raha: paka anakuwa bwana mkubwa, anafukuza panya kwa mchezo tu. Sisi tunaipenda zaidi ya Unguja. Ile ya Ufaransa inachekesha mpaka mwisho. Hii inakuchekesha, halafu inakuuliza umempa nini aliyekusaidia.

Na tusingeisoma leo kama mtu hangeiandika wakati wasimulizi wangali hai. Wazee wa Kibende, Kikonongo na Kipimbwe wanazo hadithi zao. Jioni siku hizi watoto wanatazama simu, mzee anaota moto peke yake. Akiondoka, hadithi inaondoka naye. Wewe sasa unajua kuandika.

ZOEZI. Nenda kwa mzee mmoja wa karibu, umwamkie, umwombe ruhusa ya kuandika hadithi anayoijua. Kama inakuwa tamu kwa lugha ya nyumbani, iandike kwa lugha hiyo. Usimkatize kumsahihisha. Juu ya ukurasa andika jina la msimulizi, kijiji chake na tarehe. Tumia kalamu ya wino, maana penseli hufutika. Wa hapa Kashaulili njooni na madaftari yenu darasani, tutasomeana kwa sauti.