Ufa Hauzibwi kwa Rangi: Somo la Ukarabati Salama wa Nyumba ya Familia

Ndugu wakazi wa Busasamana na wa mirenge jirani ya mpakani,

Kiangazi kinapoingia, familia nyingi hutengeneza nyumba zao. Wengi huishi katika nyumba walizoachiwa na wazazi: msingi wa mawe meusi ya volkano, kuta za tofali mbichi ziitwazo rukarakara, na mabati yaliyokwisha kushika kutu. Ni jambo jema mwenye nyumba kuitengeneza kwa mikono yake. Hata hivyo, sisi askari wa uhusiano na wananchi tunaona mara nyingi kwamba fedha ya kwanza hununua rangi, na hatari hubaki ilipokuwa. Somo letu la leo ni hili: usalama utangulie uzuri, na kila mmoja ajue mahali ambapo mikono yake inapaswa kukoma.

Tuanze na nyufa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na kwa siku kadhaa matetemeko yakaitikisa Goma na Rubavu pamoja, kwa maana tetemeko halitambui mpaka. Nyumba zilipasuka, nyingine zikaanguka. Baadhi ya nyufa za wakati ule leo zimefichwa chini ya lipu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba anayeziba ufa bila kuuliza chanzo chake ameuficha tu. Mwenye nyumba achore alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, aandike tarehe, kisha aukague kila juma kwa miezi miwili. Ufa ukivuka alama, ukuta bado unatembea. Ukiwa mpana kiasi cha kupitisha kidole, au ukuta ukiwa umeinama, watu wasilale karibu nao. Aitwe fundi mwenye ujuzi, na ofisi ya umurenge iarifiwe.

Adui wa pili ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Hapa Rubavu mto Sebeya ulifurika. Wengi waliangukiwa na nyumba wakiwa usingizini. Tofali mbichi hubeba mzigo likiwa kavu. Likilowa, hurudi kuwa udongo. Kwa hiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kuelekeza maji mbali. Fungeni mifereji ya bati ukingoni mwa paa, na chimbeni mtaro hatua moja kutoka ukutani, uteremke bila kumwagia jirani. Msikate kilima kilicho nyuma ya nyumba ili kupanua ua, kwa kuwa kilima kilichokatwa wima hushuka mvua ikinyesha. Lipu nzito ya saruji juu ya tofali mbichi hufungia unyevu ndani. Lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa huuacha ukuta upumue.

Ndani ya nyumba, vitanda viwekwe mbali na ukuta mrefu wa pembeni, na kabati zito lifungwe ukutani. Dirisha moja lenye nondo katika kila chumba cha kulala liweze kufunguliwa kutoka ndani, kwa sababu nondo zinazomzuia mwizi ndizo zimzuiazo mtoto kutoka wakati wa moto. Na kwa kuwa huku kwetu usiku ni wa baridi, tunasisitiza: jiko la makaa lisilazwe chumbani, hata makaa yakionekana yamefifia. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Sasa tuje kwenye mipaka mitatu ambayo mwenye nyumba asiivuke.

Wa kwanza ni umeme. Kubadilisha balbu ni kazi yako. Kupitisha nyaya mpya au kugusa mita ni kazi ya fundi mwenye kibali. Nyaya za zamani zilizopitishwa wazi juu ya dari kavu ni chanzo cha moto.

Wa pili ni paa la asbesto, ambalo bado lipo juu ya baadhi ya majengo ya zamani nchini. Lisikatwe, lisitobolewe, wala lisivunjwe. Vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani baada ya miaka mingi. Uongozi wa wilaya ndio utakaoelekeza namna ya kuliondoa.

Wa tatu ni chuma kisichojulikana. Eneo hili liliona vita vya mwaka 1994 na mashambulizi ya waasi ya 1997 na 1998. Anayechimba msingi, choo au shimo la takataka anaweza kukutana na guruneti au risasi. Umri na kutu haviifanyi silaha kuwa salama. Asiiguse, asiitupe chooni, wala asimpe mtoto akaiuze kama chuma chakavu. Aache kuchimba, arudi kwa njia aliyoijia, awazuie watu kwa mbali, kisha atupigie simu 112. Mwenye kutoa taarifa hana kosa, ametuokoa sote.

Kabla ya kubomoa ukuta au kuongeza chumba, fikeni ofisi ya umurenge mkaulize kuhusu kibali. Moto ukitokea, piga 111. Na yule mzee au mjane asiye na nguvu za kuchimba mtaro wake, mtajeni kwa kiongozi wa umudugudu, ili umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uanzie kwake.

Rangi itafuata baadaye. Tunawatakia kazi njema na usingizi wa amani.