Sungura wa Porini na Mbung'o: Vitenzi *Zaa* na *Taga* katika Fasili za Kamusi

Katika kufasili majina ya viumbe, vitenzi *zaa* na *taga* huchukuliwa mara nyingi kuwa sifa bainifu: mnyama huzaa, ndege na mdudu hutaga. Mgawanyo huo unamtosha ng'ombe na kuku. Unapofikishwa kwa sungura wa porini na mbung'o, unayumba.

Kisarufi majina haya mawili hayatofautiani. Umbo lake ni moja katika umoja na wingi, kama *nyumba*, ilhali upatanisho wake ni wa A-WA: *sungura huyu anakimbia, mbung'o hawa wanauma*. Tofauti inatazamiwa kuwa ya kimaana.

Sungura wa porini, wa jenasi *Lepus*, hubeba mimba kwa takriban siku 42. Watoto wake huzaliwa juu ya ardhi, wana manyoya na macho yamefunguka. Sungura wa kufugwa, wa jenasi *Oryctolagus*, hubeba kwa siku 31 hivi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Kiswahili kimewapa wote jina moja.

Mbung'o je? Nzi wa nyumbani hutaga mamia ya mayai. Mbung'o, wa jenasi *Glossina*, hatagi. Yai moja huanguliwa tumboni mwake, na buu hulishwa humo kwa maziwa ya tezi za mama. Kila baada ya siku 9 au 10 hivi huzaliwa buu mmoja aliyekwisha kukua, akajichimbia udongoni na kuwa pupa. Kwa kigezo cha ukomavu wa mzaliwa, basi, mdudu huyu yu karibu na sungura wa porini kuliko alivyo yule wa kufugwa. (Popo, arukaye na kuzaa, ni shahidi wa zamani zaidi.)

Uteuzi wa kitenzi hapa si suala la wanakamusi peke yao. Mfugaji aliyesoma kwamba mbung'o hutaga atasaka mayai yasiyokuwapo, na kuuacha udongo wa kivulini wenye pupa. Kisiwani Unguja, ambako mbung'o walieneza nagana kwa ng'ombe, madume tasa waliozalishwa Tanga walimwagwa kwa ndege kuanzia mwaka 1994, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Uzazi wa mmoja mmoja ulichangia ufanisi huo, kwani kizazi kilichopotea hakifidiwi upesi.

Fasili inayopendekezwa ni hii: mbung'o *nm* nzi anyonyaye damu, aenezaye malale na nagana, na *azaaye* buu mmoja kwa wakati.