Jaraha Lisiloonekana



Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia katika chuo kikuu cha Garissa wakaua watu 148, aghalabu yao wanafunzi. Chuo kikafungwa mpaka Januari 2016, na wengi waliosalimika wakahamishiwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi, waendelee na masomo. Je, kijana aliyeshuhudia mauaji ya wenzake aweza kuketi darasani kama asiyeona kitu?

Somo letu ni hili: mwenye kupatwa na jambo la kutisha huenda akashindwa kusoma au kufanya kazi, si kwa uvivu, bali kwa maradhi.

Khofu wakati wa hatari ni rehema, kwani ndiyo imfanyayo mtu akimbie. Kwa wengi hupungua siku zipitapo. Lakini wako ambao khofu yao hupita mwezi na zaidi isiwatoke. Hayo ndiyo maradhi, na madhara yake ni haya:

(1) Tukio humrudia bila ya kuitwa. Husoma mstari mmoja mara tatu asijue alichosoma.

(2) Daima hukaa na tahadhari. Mlango ukibamizwa, hushtuka. Na akili inayolinda mlango haina nafasi ya kushika kitabu.

(3) Hukosa usingizi kwa majinamizi, na usingizi ndio unaothibitisha mafunzo katika kumbukumbu.

(4) Huepuka mahali na watu wanaomkumbusha, nasi twamwita mtoro.

Kosa hili la kuhukumu si letu peke yetu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza jeshi la Waingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa utoro, woga na makosa kama hayo, na miongoni mwao walikuwamo waliovurugika akili kwa vishindo vya mizinga. Msamaha ulikuja mwaka 2006, nao wamo makaburini. Madaktari wa akili wa Marekani hawakuyatia maradhi haya kwa jina lake katika kitabu chao ila mwaka 1980.

Na sisi twasema: "Ana jini," au "Imani yake dhaifu." Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hata macho yake yakaingia weupe, ni nani athubutuye kusema kuwa imani yake ilikuwa dhaifu?

Basi yatupasa nini? Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali. Iko tiba ya mazungumzo, ambayo mjuzi humrudisha mgonjwa kwenye tukio lile polepole mpaka lipungue makali. Na ziko dawa. Dua haizuii tiba, wala tiba haizuii dua. Pili, mwalimu na tajiri wamgawie kazi kidogo kidogo, wamwongezee muda, wamwache akae karibu na mlango akitaka. Tatu, tusimlazimishe kusimulia kila anapokutana na mtu.

Aliyevunjika mguu hatumwambii akimbie. Aliyejeruhiwa akilini naye tusimwongezee jaraha la pili kwa ndimi zetu.

Wabillahi tawfiq.