Kuunda Kikuza Sauti cha Kompyuta kwa Vipuri vya Redio Kuukuu

Sauti ya kompyuta ndogo aghalabu haijazi darasa. Somo lililorekodiwa huwafikia wanafunzi wa safu ya mbele tu. Katika makala hii tutaeleza namna ya kuunda kikuza sauti kwa vipuri vya redio kuukuu, pamoja na kanuni ya fizikia inayokiendesha.

Kanuni

Kikuza sauti hakiumbi nishati. Ishara dhaifu ya kompyuta ni kama mkono ufunguao bomba: maji hayatoki mkononi, bali tangini. Hapa tangi ni betri. Tuchukue ishara ya volti 0.1 iingiayo katika ukinzani wa omu 10,000. Nguvu yake ni V²/R, yaani wati 0.000001. Volti hizo zikikuzwa mara 20 huwa 2, na katika spika ya omu 8 nguvu huwa 4/8, yaani wati 0.5. Nguvu imeongezeka mara 500,000, na nyongeza yote imetoka katika betri.

Vifaa

Chipu LM386, spika ya omu 8, kidhibiti sauti cha omu 10,000, rezista mbili za omu 1,000 na moja ya omu 10, kapasita za mikrofaradi 220 na 0.047, betri ya volti 9, na plagi ya hedifoni.

Tahadhari: vipuri ving'olewe katika redio za betri tu. Kapasita za televisheni, au za redio ya umeme wa nyumbani, zaweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya chombo kuchomolewa.

Uundaji

Kibonyeo cha chipu kikielekea juu, mguu wa 1 ni wa juu kushoto. Hesabu huteremka, kisha hupanda upande wa kulia hadi 8.

1. Waya wa kulia na wa kushoto wa plagi upitishwe kila mmoja katika rezista yake ya omu 1,000, ndipo ziungane. Zikiunganishwa bila rezista, pande hizo mbili zitashindana na kompyuta yaweza kudhurika.
2. Makutano hayo yafungwe katika ncha moja ya pembeni ya kidhibiti sauti. Ncha ya pili ya pembeni iende hasi ya betri, na ya kati iende mguu wa 3.
3. Miguu ya 2 na 4, pamoja na waya wa ardhi wa plagi, iende hasi. Mguu wa 6 uende chanya.
4. Mguu wa 5 uungwe na ncha chanya ya kapasita ya 220. Ncha yake hasi iende spika, na waya wa pili wa spika uende hasi.
5. Rezista ya omu 10 na kapasita ya 0.047, zikifuatana, ziunganishe mguu wa 5 na hasi. Hizi hutuliza chipu isitetemeke yenyewe.

Miguu ya 1, 7 na 8 iachwe wazi.

Kabla ya kuchomeka kompyuta, volti za mguu wa 5 zipimwe: ziwe karibu 4.5, nusu ya betri. Hiyo ndiyo sababu ya kapasita ya 220. Pasipo hiyo, mkondo mnyoofu ungepita katika spika bila kukoma, ukiipasha moto na kumaliza betri. Kapasita huuzuia, lakini huruhusu mkondo geu, ambao ndio unaobeba sauti.

Zoezi

Kwa kanuni f = 1/(2πRC), kapasita hiyo na spika ya omu 8 huanza kupunguza sauti zilizo chini ya mitetemo 90 hivi kwa sekunde. Je, ikiwekwa kapasita ya mikrofaradi 22, ni sauti zipi zitakazofifia: za ngoma au za filimbi?