Tangu lini? Kutambua usonji kwa mtu mzima, Masisi na Walikale

Ndugu yako ana miaka 30 na kitu. Hapendi makelele ya soko, huchukia ratiba ikibadilika ghafla, hujibu kwa neno moja bila kukutazama. Wengine humwita mwenye kiburi, wengine husema amelogwa. Huenda ni usonji, na kwenye karatasi za Kifaransa utaandikwa autisme.

Swali linaloamua ni moja: tangu lini? Usonji huanza utotoni, hata ukitambuliwa ukubwani. Huku kwetu vita vimeacha watu wengi wasiolala, wanaoshtuka na kukwepa umati. Hicho ni kiwewe, nacho huwa na tukio kilikoanzia. Aliyezaliwa vitani hana wakati wa kabla ya tukio, basi mlinganishe na ndugu zake waliokimbia naye njia ile ile. Na mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya kwenda kwa daktari, kaa na mama yake au shangazi aliyemlea. Alianza kusema lini? Alicheza na wenzake, au alipanga vijiti peke yake siku nzima? Andika majibu kwenye daftari. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha usonji. Ushahidi ni historia hiyo, na wazee wanaoijua wametawanyika kwa vita.

Anzeni kituo cha afya au hospitali kuu ya Masisi au ya Walikale, wapime kwanza masikio na kifafa, kisha waombeni barua ya kuwapeleka mbele. Goma kuna kituo cha afya ya akili Tulizo Letu, Bukavu kuna kingine, SOSAME. Vyote vinaendeshwa na watawa Mabradha wa Upendo. Ulizieni njia kabla ya kuondoka. Kwenye bariera, anayekwepa macho ya askari huonekana mwongo, basi asipite peke yake, na barua ya daktari iwe mkononi.

Chumba cha maombi si mahali pa kupima. Anayemfunga mtu kamba au kumnyima chakula ili pepo atoke anamjeruhi, basi.

Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Kukosa usingizi, huzuni nzito na kifafa vinatibika, na nyumbani husaidia sana kumwambia mapema kitakachobadilika kesho.

Mkifika kwa daktari, mwacheni ajibu mwenyewe kwanza, hata akichelewa.